Baba wa Kulala

Wandugu, leo nimekanwa. Nimekanwa na watoto wangu wa kuzaa, mchana kweupe, mbele ya watu. (Naandika kwa simu ya mwenzangu hapa getini, kwa hivyo mkinitukana, atasoma yeye kwanza.)

Kwa wasionijua: mimi ni Baba Mutheu, mlinzi wa usiku. Tunaishi Gatina, Kawangware, chumba kimoja chenye pazia katikati. Kitanda kiko nyuma ya pazia. Nikirudi kutoka kazini saa moja na nusu asubuhi, watoto wametoka. Wakirudi na mama yao saa kumi na mbili jioni, mimi nimetoka. Jumamosi na Jumapili nalala, na mama yao huwaimbia wimbo mmoja tangu asubuhi: "Nyamazeni, baba amelala." Siku yangu ya mapumziko ni Jumatano, na Jumatano nalipa deni la usingizi wa wiki nzima.

Nimeishi hivyo mwaka mzima nikijiona mzazi hodari. Unga upo, nyumba imelipiwa, watoto wanakua. Nawasikia wakikua, upande wa pili wa pazia.

Leo saa nane mchana simu ikalia. Ni mama yao.

"Baba Mutheu, amka."

"Nimeamka." (Sikuwa nimeamka.)

"Niko Ngong nimeleta sweta nilizoshona, na mwenye kuzichukua hajafika. Nitachelewa. Leo ni wewe utachukua watoto kwa Mwalimu Zainabu, uwaache kwa Mama Njoki hapo mlango wa pili, ndio uende job. Unajua kwa mwalimu ni wapi?"

"Wee! Si mimi ni baba yao?"

"Wacha basi nimpigie nimwambie ni wewe unakuja. Lakini hii simu yangu chaji inai..."

Ikazima. Sikujali. Ningejali, nisingekuwa naandika haya.

Nikapata wazo. Nilitaka nifike huko nikiwa baba wa maana, si yule mtu wa koti la kazi. Nikaenda kwa kinyozi. Akaniuliza, "Tunapunguza?" Nikamwambia, "Toa zote." Zikaenda nywele, zikaenda ndevu za mwaka mzima. Nikavaa shati la kanisani, viatu nikavipiga rangi hadi vikang'aa, kofia ya kazi nikaiacha kwenye msumari. Nikajitazama kwenye kioo nikaridhika kabisa. (Kumbukeni hapo. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi, tena kwa pesa yangu.)

Mwalimu Zainabu anakaa Kianda, Kibera, karibu na duka ambapo mama yao anashona. Ni Mnubi, mama wa makamo, ploti ni ya familia yake tangu enzi za babu zake, na kwenye ua wake ndipo anapolea watoto wa wafanyakazi. Nilikuwa nimefika hapo mara moja tu, siku ya kuwaandikisha, na hata siku hiyo nilisubiri nje nikisinzia juu ya pikipiki.

Nimefika saa kumi na robo. Ua umejaa kina mama. Mwanamume ni mimi peke yangu. Na watoto kama thelathini, wote na sweta ya bluu, wote na marvin kichwani, ile kofia ya sufu, imeteremshwa mpaka kwenye nyusi kwa sababu ya baridi. Tuambiane ukweli: mtoto akishavaa marvin, hata nyanya yake huhitaji dakika.

Kioko wangu ana miaka miwili. Dada yake Mutheu ana minne. Niko hapa kuwachukua, na sijui ni wepi.

Nikaona mvulana mmoja mnene, mashavu kama ya ukoo wetu. Nikajikaza. "Kioko! Kuja kwa baba!" Nikamnyanyua juu. Akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika hadi mtaa wa pili, Olympic.

Mwalimu Zainabu akageuka. Alikuwa amejitanda gurbaba yake, ile nguo pana ya kina mama wa Kinubi, na alikuja polepole sana.

"Wewe ni nani?"

"Baba Kioko."

"Huyo ni Hamisi."

Nikamweka Hamisi chini taratibu, kama mtu anayerudisha yai. Nikacheka kidogo. Hakuna aliyecheka nami. Wiki hii kila mtu amepokea ule ujumbe wa simu kuhusu watu wanaozunguka mitaani wakichukua watoto, na kina mama wote pale walikuwa wameusoma. Mmoja akamvuta wake, mwingine akamvuta wake. Mama Hamisi alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaeleza.

"Kitambulisho," akasema mwalimu.

Nikatoa. Akakisoma mbele na nyuma. "Hii inasema wewe ni Musyoka. Haisemi wewe ni baba ya nani. Kwa daftari yangu kuna jina la mama peke yake."

"Mpigie mama yao."

Akapiga. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

"Uko na picha yao kwa simu?"

Nikatoa simu yangu. Ni ile ndogo ya vitufe na tochi, isiyo na picha ya mtu yeyote, ile watu huita mulika mwizi. (Hakuna jina baya zaidi la kitu cha kutoa mfukoni saa kama hiyo.)

"Mutheu anapenda kula nini?"

"Ugali."

Sauti ndogo ikatoka nyuma ya mlango: "Mimi sipendi ugali!"

Akatoka Mutheu, amemshika Kioko mkono. Hao ndio wangu! Niliwajua palepale! (Baada ya kuonyeshwa.) Nikapiga magoti. "Mutheu, mama yangu, kuja!"

Akaniangalia kuanzia kiatu kinachong'aa mpaka kichwa kinachong'aa. "Simjui huyu."

"Mutheu!"

"Baba yangu ako na ndevu."

"Nimenyoa! Nimenyoa leo!"

"Na baba yangu ako nyumbani. Amelala."

Hapo vijana watatu wa bodaboda wakaingia na pikipiki zao kutoka barabarani. "Mwalimu, kuna nini?"

"Huyu mzee amebeba mtoto si wake," akasema mwalimu, "na hawa anasema ni wake hawamjui."

Mambo yangu, yakielezwa hivyo, hata mimi ningejikamata.

"Mzee, wewe ni wa wapi?" akauliza mmoja. Kabla sijafungua mdomo, wa pili akasema, "Si wa huku." Wa tatu hakuuliza kitu, alifunga geti tu. Mimi ni mlinzi, najua umati unavyoanza, na unaanza hivyohivyo. Jasho likanitoka kichwani na hakukuwa na unywele wa kulizuia. Niliogopa, sitadanganya. Lakini hao vijana si wao walioniuma. Nilimwona Mutheu akimvuta ndugu yake nyuma, taratibu, ili nisimfikie. Alikuwa anamkinga Kioko. Dhidi yangu mimi.

Mwalimu Zainabu akachuchumaa. "Mutheu, hebu niambie. Baba yako hufanya nini?"

"Hulala."

"Na akiamka?"

"Haamkagi."

Mama mmoja akaangua kicheko akajiziba mdomo na leso. Mwalimu hakucheka. Alifikiria. "Na ukimwona amelala, utamjua?"

"Eeh."

Akasimama, akanitazama. "Umesikia. Lala."

"Mwalimu... hapa?"

"Ama niwaambie hawa vijana wakulaze?"

Mkeka ukaletwa haraka ajabu. Nikalala chali, shati la kanisani na yote, katikati ya ua, kina mama wamenizunguka kama watu waliokuja kuniaga. Nikafumba macho.

"Baba hufunika kichwa," akasema Mutheu.

Kijana wa boda akavua koti lake akanitupia usoni. Linanuka petroli.

"Baba hukoroma."

Jamani. Nikakoroma.

"Si hivyo."

Nikakoroma kwa nguvu zaidi.

"Mzee, vutia ndani!" akashauri yule wa boda.

"Wa kwangu huanza na mluzi," akasema mama mmoja. "Jaribu na mluzi."

Nikajaribu na mluzi. Nina miaka thelathini na sita. Ninaimba besi kwenye kwaya. Nimelala chini Kianda nikipiga mluzi kwa pua, nikiomba Mungu anitambulishe kwa watoto wangu.

"Baba hana viatu," akasema Mutheu, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali.

Mtu akanivua viatu. Soksi ya kushoto, wapenzi wasomaji, ina tundu. Kidole gumba kikajitokeza kusalimia umma. Nikasikia kicheko kikianza kutoka geti hadi jikoni, nikatamani ardhi inimeze na mkeka wake.

Kisha nikasikia mkono. Mkono mdogo, unanata, nadhani ni mandazi. Ulikishika kile kidole na kukivuta mara mbili. Halafu mtu mdogo mzito akakaa juu ya miguu yangu kama anayekaa kwenye kiti chake cha siku zote.

"Baba," akasema Kioko.

Chini ya koti ndipo nikaelewa. Kitanda chetu ni kifupi. Miguu yangu hutokeza nje ya pazia. Wakati wote huo nikidhani wanacheza peke yao, walikuwa wakicheza na mimi, kutoka kifundoni kwenda chini.

Ua ukalipuka. Makofi, vigelegele, vijana wa boda wanapiga honi. Ndipo Mutheu akapaza sauti, ile sauti ya mama yake kabisa:

"Shhh! Nyamazeni! Baba amelala! Baba anaenda job usiku!"

Na wakanyamaza. Watoto thelathini, kina mama wote, vijana watatu. Hamisi pia. Sijawahi kusikia Kibera imenyamaza mchana. Walinilindia usingizi ambao sikuwa nao.

Nilikaa chini ya lile koti muda kidogo kupita uliohitajika. Petroli ilikuwa imeniingia machoni. (Ilikuwa petroli.)

Mwalimu Zainabu akanipa mkono niinuke. Akaandika jina langu kwenye daftari, na baada ya jina akaongeza maneno ambayo hakunionyesha. Yule kijana aliyefunga geti ndiye aliyetupeleka Gatina, akakataa nauli. Njiani Mutheu alikuwa akigeuka kila mara kuniangalia usoni. Tuliposhuka, akasimama mbele yangu akatazama juu, juu kabisa.

"Baba."

"Naam."

"Kumbe wewe ni mrefu."

Nikawaacha kwa Mama Njoki, nikakimbia.

Nimefika kazini nimechelewa dakika ishirini. Msimamizi akauliza nilikuwa wapi. Nikamwambia ukweli: nilikuwa nimelala. Ameniandikia barua ya onyo. Mama Mutheu naye amepiga sasa hivi kwa simu ya Mama Njoki, habari zilimpokea stendi kabla hajafika nyumbani. Amecheka mpaka akakohoa, halafu akasema, "Jumatano usilale."

Silali. Jumatano nitaenda kuwachukua tena, na nitavaa patipati, miguu yangu ionekane tangu getini.