Malalamiko Kuhusu Buti Zinazotazama Nyuma

Ndugu Mhariri wa jarida la *Mikono Yako*,

Nakusalimu kwa heshima. Heshima yenyewe imebaki kidogo nyumbani kwetu, kwa hiyo naomba usiimalize yote katika aya hii ya kwanza.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na si kawaida yangu kulalamika. Hata mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, hujibu kwa sauti ndogo mpaka wenzangu wa nyuma hudai niwaandikie. Lakini hata kimya kina mwisho wake, na changu kimefikishwa mwisho na makala yenu ya toleo lililopita, "Badilisha Mwenyewe Buti za Vazi Lako la Kuzamia".

Mama yangu ni mzamiaji wa idara ya maji. Hushuka hadi chini ya bwawa linalonywesha mji mzima kukagua malango ya chuma. Maji ya huko ni baridi ya kukata mifupa, hivyo huvaa vazi kavu: vazi la mpira la kipande kimoja, kutoka shingoni hadi vidoleni, ambalo buti zake zimegandishwa moja kwa moja kwenye miguu ili maji yasipate pa kupenyea. Buti za Mama zilichakaa, zikaanza kuvuja visiginoni. Meneja wake, mtu ambaye hajawahi kulowa kupita viganja, akamwambia mbele ya wenzake: "Mama, bwawa si sinki la jikoni. Jumatatu ukija na vazi linalovuja, utahamia stoo kulinda kamba. Malango nitampa kijana."

Fundi wa mavazi hayo yuko mbali, na foleni yake haina mkia. Ndipo Baba akaleta jarida lenu nyumbani, amelikunja kwapani kama mtu aliyebeba dawa.

Baba ni fundi cherehani. Hushona makoti na sare za wanaume, na hashoni kitu kingine. Naomba ulikumbuke hilo, maana ninyi hamkulikumbuka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno "rahisi". Limo kwenye kichwa kidogo cha habari, limo katikati, na mwishoni mmelirudia kama mtu anayemdanganya mtoto kwamba sindano haiumi. Mmeandika kuwa ni "kazi rahisi kwa yeyote mwenye akili timamu na mchana mmoja". Baba ana akili timamu, na mchana tulikuwa nao. Tulikata buti kuukuu, tukaupiga mpira msasa mpaka ukapoteza mng'ao, tukapaka gundi mara mbili, tukasubiri ikauke kidogo kila mara kama mlivyoagiza. Mimi nilikuwa nasoma kwa sauti. Kwa mara ya kwanza maishani niliambiwa niongeze sauti. "Soma, mwanangu, soma! Gundi haisubiri mtu mwenye haya!" Nilisoma kila neno. Hakuna mahali mlipoandika upande upi wa vazi ni mbele.

2. Kwa hiyo Baba aliamua mwenyewe. Alililaza vazi mezani, zipu ikitazama juu, kwa sababu katika maisha yake yote zipu ya koti imekaa mbele. Zipu ya vazi la Mama iko mgongoni, begani hadi begani. Mama hulivaa kwa kuingilia nyuma, na mwenzake ndiye humfungia. Baba hajawahi kuliona likivaliwa, kwani huvaliwa kazini. Viraka vya magoti alivyovipapasa upande wa chini alisema ni vya kukalia, ila aliyevishona "amevishusha kidogo". Hivyo buti mpya zote mbili zikagandishwa vidole vikielekea kwenye zipu. Yaani nyuma. Je, mwandishi wenu alidhani kila msomaji ana mzamiaji wa kumlaza mezani?

3. Mchoro wenu. Unaonyesha mguu mmoja tu, umekatwa gotini, hauna mwenyewe. Hata kuku akichorwa hupewa kichwa ili watu wajue anakokwenda.

4. Gundi. Hapa ndipo mlipotupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mliahidi gundi itashika, nayo imeshika! Tulifunga mikono na shingo ya vazi, tukalijaza hewa, tukapaka povu la sabuni kwenye maungio, na hapakutoka hata kiputo kimoja. Vazi likatuna sebuleni kama mgeni aliyeshiba, limelala kifudifudi, vidole vikitazama dari. Kama gundi yenu ingekuwa mbovu kama gundi nyingine, tungezibandua buti na mambo yakaisha. Uaminifu wa namna hii, Ndugu Mhariri, ni ukatili.

5. Madhara kwa familia. Mama aliporudi alisimama mlangoni, mkoba bado uko begani. Akauliza kwa upole uliotutisha: "Mume wangu, umewahi kuniona nikitembea kinyumenyume?" Baba akajibu, "Lakini hazivuji, mke wangu." Mama akasema, "Hazivuji. Zinarudi kwao." Shangazi, ambaye hakuitwa, akapiga makofi na kusema, "Wifi, usihofu, ukishuka tu utakuwa tayari unapanda." Baba hakula. Mama alikaa sakafuni, ameshika buti moja, anaizungusha kisigino kana kwamba ni kitasa. Hakulia. Alisema tu, "Stoo kuna panya," akaenda kulala. Mimi sijawahi kumsikia akiongelea stoo kama mahali atakapokwenda kweli.

Kwa kuwa mmezoea kuwafundisha watu, nami naomba kuwafundisha. Nadai, kwa adabu zote, yafuatayo.

Kwanza, neno "rahisi" liondolewe katika jarida lenu, likapumzike mpaka litakapojifunza maana yake. Pili, mwandishi wa makala avalishwe vazi la Mama kama lilivyo, atembezwe kutoka ofisini kwenu hadi sokoni, na msomaji yeyote aruhusiwe kumwuliza anakwenda wapi. Tatu, viwanda vyote vitengeneze buti zenye vidole pande zote mbili, ili fundi yeyote asikosee. Nne, kwa kuwa watu wenye miguu ya kawaida hawataweza kuvaa buti hizo, wataalamu wakae waamue kabisa mbele ya binadamu ni wapi. Mpaka watakapoafikiana, asizame mtu, meneja wa Mama akiwa wa kwanza kutozama, jambo ambalo halitamsumbua.

Najua mtasema mchezea gundi hubaki nayo. Methali hiyo haipo. Nimeitunga ili niwawahi.

Wako katika kusoma kila ukurasa, hata wa matangazo,

Binti wa mzamiaji na fundi cherehani
(shuleni huniita Kamusi, na hawanisifu)

Nisalimie wapiga chapa, mhasibu, mlinzi wa getini na yule mchoraji. Mwambie mguu ulifika salama, ila mwenyewe hatukumwona. Baba na Shangazi wanawasalimu. Mama hajasema kitu.

Nyongeza, Jumatatu jioni: Posta ilikuwa imefungwa mwishoni mwa wiki, ndiyo maana barua hii bado ninayo. Jumamosi Mama alilichukua jarida lenu, akalifungua mezani, akanipungia mkono nisome. Alipuliza buti kwa kikausha nywele mpaka gundi ikalegea, kama mlivyoeleza katika aya ya mwisho ambayo nakiri tuliiruka tukidhani hatuna haja nayo. Halafu akamwamuru Baba alivae vazi. Baba alisimama sebuleni, zipu mgongoni, akajitazama magoti, na nikaona viraka vikimwingia akilini. Mama akachora mstari wa chaki miguuni panapostahili vidole, akamvua, akagandisha. Chakula cha jioni kilikuwa bado jikoni alipomaliza.

Leo amekagua malango yote. Alipotoka majini alivua soksi zake akamkabidhi meneja azikague. Meneja alizishika kwa vidole viwili, mbele ya watu wote. Zilikuwa kavu.

Kwa hiyo neno "rahisi" lirudisheni. Mwandishi msimtembeze sokoni. Mama anauliza kama amewahi kuandika kuhusu mpira wa shingo, ule unaozuia maji yasiingie juu ya vazi. Nina ombi moja tu lililobaki. Baba sasa anasema kosa halikuwa la buti bali la zipu, na kwamba angepata maelekezo mazuri angeihamishia mbele, inapostahili. Kama mna makala hiyo, nakusihi kwa heshima yote iliyobaki, mwifiche.