Bingwa wa Magodoro

Hakika hakuwa mwizi. Mwizi huamka mapema, huparamia kuta, huchanika suruali, na Hakika hakuwa mtu wa kujihangaisha kiasi hicho. Yeye alikula kwa ulimi. Hata jina alipewa kwa sababu kila uongo aliousema aliuanza kwa neno "hakika", na wajinga wa mji huu, ambao hawajawahi kupungua, waliona mtu anayeanza hivyo hawezi kuwa mbaya.

Ijumaa hiyo asubuhi alikuwa ameketi pale anapoketi kila akibanwa, kwenye makochi ya mapokezi ya hoteli kubwa, amekunja nne, anakunywa maji ya bure na kusoma gazeti la hoteli. Na safari hii alikuwa amebanwa kweli. Wiki mbili nyuma aliichukua cherehani ya dada yake, fundi wa nguo, akamwambia anaipeleka ikatengenezwe, kisha akaiuza. Tangu hapo dada alikuwa akishona sare za shule kwa sindano ya mkono, vidole vimevimba. Hakugomba. Kwa sauti ile ile anayomwambia nayo mteja kwamba kitambaa hakitoshi, alimwambia kuwa cherehani isipokuwa mezani Jumapili jioni, atakuta mlango umefungwa. Kwa wajomba Hakika alikwisha kufukuzwa, kwa shangazi pia, na kwa binamu walibadilisha kufuli. Mlango wa dada ndio uliobaki, na wazo la kuukosa lilimtia hofu ambayo hakumwambia mtu.

Mara wakaingia watu watatu wenye fulana za rangi ya chungwa, kila fulana imechorwa godoro kifuani. Mbele alikuwa mwanamke wa miwani na simu mbili, mkuu wa masoko wa kampuni ya magodoro. Nyuma yake alifuata mpiga picha, halafu dereva aliyesukuma baiskeli kwa vidole viwili, kwa adabu kubwa. Baiskeli yenyewe ilikuwa nyembamba, haina kengele wala kiti cha nyuma, na mtu asiyejua angeiona haijamalizika. Dereva alimnong'oneza mpokezi kwamba hiyo kitu inapita bei ya gari analoliendesha yeye. Gazeti lilimshuka Hakika mikononi.

Aliendelea kusikiliza. Kampuni, alieleza mkuu wa masoko, imemdhamini mwanariadha wa kulipwa wa ile michezo mitatu ya Jumapili, ambapo watu wazima wenye akili zao huogelea ziwani, wakitoka wanapanda baiskeli, wakishuka wanakimbia, yote hayo bila kufukuzwa na mtu. Mkataba ulikwenda na kurudi kwa barua pepe. Picha waliyokuwa nayo ilimwonyesha mtu amevaa kofia ngumu na miwani mieusi, ingeweza kuwa picha ya nzi. Simu yake imezimwa wiki nzima, ndivyo kocha wake anavyotaka. Basi watamjuaje? Wanachojua ni kwamba ni mrefu, mwembamba, mpole.

Hakika alizaliwa mrefu, alikuwa mwembamba kwa kuruka milo, na upole ulikuwa kitendea kazi chake. Aliinuka, akaegemea nguzo, akajinyoosha msuli wa mguu kama alivyowahi kuona kwenye televisheni.

"Hakika nilikuwa nawapa nafasi mpumzike na safari," alisema.

Mkuu wa masoko alimshika mkono kwa mikono yote miwili. Mtu mwingine angeomba kitambulisho. Lakini hawa walikuwa watu wanaolipwa kuwaaminisha wengine mambo, na watu wa namna hiyo ndio wepesi kabisa kudanganywa, maana hudhani uongo ni mali ya kampuni yao. Hakika aliomba baiskeli hapo hapo, aipande kidogo mtaani, aizoee. Mama yule alicheka. Baiskeli atakabidhiwa rasmi kesho mbele ya wasambazaji, alisema. Kabla ya hapo kuna ratiba ndogo tu. Akatoa karatasi, kurasa nne, zimeandikwa mbele na nyuma.

Kwanza alivishwa vazi la mashindano, kipande kimoja kutoka shingoni hadi mapajani, ambalo halikuficha kitu na kile kidogo lilichoficha lilikibana. Akiwa ndani ya vazi hilo alipelekwa kwenye maduka matatu ya magodoro akasimamishwa juani, anasaini mito. Alifungwa mkononi utepe wa rangi ya chungwa, akaambiwa asiuvue hadi mwisho wa mashindano. Kisha akaingizwa kwenye bwawa la kuogelea. Hakika hakujua kuogelea. Alisimama kwa ncha za vidole upande wa kina kifupi, maji ya baridi yamemfika kidevuni, akawa anazungusha mikono huku mpiga picha akimsihi: uso, bingwa, tunataka uso. Alipigwa picha nyingi sana, na katika zote meno ya Hakika yalikuwa nje, kwa sababu yalikuwa yanagongana.

Mchana wenzake walikula nyama ya kuchoma. Yeye aliletewa wali mweupe na ute wa mayai ya kuchemsha, kwa kuwa mkuu wa masoko alikuwa amesoma mahali fulani chakula cha wanariadha. Alipoitazama nyama kwa muda mrefu, mama yule alimsifu kwa nidhamu yake.

Jumamosi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ili umma uone wepesi wa bidhaa, bingwa alitakiwa apande ngazi za hoteli mbio, godoro mgongoni, hadi ghorofa ya nne. Akapanda. Mpiga picha akasema mwanga haukumridhisha. Akapanda tena, na tena, na mara ya tisa alikaa kwenye kidato cha ngazi akajiuliza kama kuna mtu katika ukoo wao aliyewahi kufanya kazi ngumu hivi, akamkumbuka dada yake, akainuka haraka ili asiendelee kukumbuka. Tangu azaliwe hajawahi kuchoka namna ile. Nyayo zilitoka malengelenge, magoti yakawa hayakunjiki. Alijipiga moyo konde kwamba baiskeli moja itanunua cherehani, na kitakachobaki kitamnyamazisha dada maisha yake yote.

Kwenye makabidhiano ndipo alipopumua, kwa kuwa aliombwa aseme maneno machache. Hakika aliwasimulia wasambazaji jinsi alivyokulia kwenye sakafu ya udongo, watoto saba blanketi moja, akiota siku atakayolala juu ya kitu laini. Wanaume wenye vitambi walipenga kamasi. Mkuu wa masoko alilia wazi wazi, kisha akamwomba arudie kwa sababu mara ya kwanza simu yake haikuwa inarekodi. Akarudia, na watoto wakawa tisa.

Hatimaye akapewa baiskeli. Aliishika usukani akahisi mapenzi ya kweli. Yalidumu kama dakika moja, kisha dereva akaichukua baiskeli. Alielezwa kwamba sheria ya mashindano haina mjomba: baiskeli zote hulala kwenye uwanja wenye uzio karibu na ziwa, ili kesho kila mtu akitoka majini aikute ya kwake. Hakika alijaribu kusema kwamba yeye usiku wa kuamkia mashindano hulala na baiskeli yake chumbani, ni jambo la moyoni. Mama yule nusura alie tena, lakini baiskeli ilikwenda. Ilibandikwa namba kumi na saba na kukabidhiwa mlinzi mpana kama kabati, ambaye alitangaza kwamba chombo hutoka na mwenye utepe wake, hata kama mwenyewe hakimbii. Hakika aliutazama utepe wa chungwa mkononi mwake, roho ikatulia.

Jumapili saa kumi na mbili asubuhi alikuwa langoni, amevaa suruali juu ya lile vazi, tayari kutangaza kwamba ameteguka kifundo na anaomba baiskeli yake aende zake nyumbani. Akanyoosha mkono. Mlinzi akaugeuza kuelekea kwenye mwanga, akasoma taratibu.

"Huu umeandikwa 'mgeni wa mdhamini'. Huu ni wa kulia chakula, bwana. Wa kutolea baiskeli una namba."

Hakika alifungua kinywa. Nyuma yake mtu akakohoa. Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mpole, begi mgongoni, namba kumi na saba imeandikwa kwa wino mweusi kwenye mkono, na utepe mweupe wenye namba hiyo hiyo.

"Habari ya asubuhi, bingwa," alisema yule mwanariadha. "Njoo pembeni kidogo."

Wakasogea kando ya uzio. Hakika alianza na neno lake, mwenzake akamkatiza bila hasira.

"Usijisumbue. Ijumaa nilikuwa pale mapokezi, nimekaa kochi la nyuma yako. Nilitaka kusimama niseme mimi ndiye, halafu nikaiona ile ratiba. Kurasa nne, kaka. Mwaka wa sita huu nakimbia kwa wadhamini. Jumamosi wananianika juani kutwa, Jumapili naingia majini miguu imeshakufa, halafu wananiuliza kwa nini sikushinda. Safari hii nimelala siku mbili kwa shangazi yangu, kwenye godoro walilonitumia wao."

"Likoje?" aliuliza Hakika.

"Zuri. Sijawahi kulala vile."

Hakika akakusanya akili. Kazi ameifanya yeye, alisema, basi wagawane. Mwanariadha alikubali kwamba kazi imefanywa vizuri mno. Hotuba ya jana shangazi yake aliiona kwenye simu akalia. Lakini kuhusu kugawana, kama anataka, wamwite mlinzi awaamulie.

Hakika alimtazama mlinzi, akaona haitakuwa busara. Ndipo akafanya jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akasema kweli. Alimweleza habari ya dada, ya cherehani, ya vidole vilivyovimba, na ya mlango utakaofungwa jioni hiyo. Sauti ilimtetemeka bila yeye kuitetemesha.

Mwanariadha alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Hii umeitunga vizuri kuliko ya jana," alisema, akaingia uwanjani.

Ilimuuma Hakika kuliko malengelenge yote. Alibaki kwenye uzio akatazama mashindano, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Kijana alitoka majini wa tatu, akapaa na ile baiskeli, na katika kukimbia akawapita wengine mmoja mmoja na miguu yake iliyolala vizuri. Kwenye utepe wa mwisho mkuu wa masoko alimngojea, mkurugenzi wa kampuni kasimama pembeni yake. Mshindi alivua kofia na miwani. Mama yule aliuona uso asioujua, akamtazama mkurugenzi, akautazama umati, akafikiri kwa muda mfupi kabisa, kisha akamkumbatia yule aliyeshinda. Watu wenye mshahara mzuri hawakosei, huwa wanarekebisha tu.

Jambo moja hakuweza kulirekebisha, nalo lilikuwa limeshatoka kiwandani. Jioni hiyo Hakika alikuwa akichechemea kuelekea kwa dada, anapanga maneno ya kuombea siku mbili zaidi, alipokunja kona akakutana na uso wake mwenyewe, mkubwa kuliko duka lililokuwa nyuma yake. Kidevu kiko majini, meno yote nje. Chini yake palikuwa na maandishi: ANALALA VIZURI. WEWE JE? Bango la pili lilikuwa kwenye kituo cha mafuta, la tatu ukutani sokoni. Mtu ambaye mali yake yote duniani ilikuwa ni kutojulikana sura alihesabu mabango saba kabla hajafika, na chini ya la saba watoto wa mtaa walikuwa wakimwonyesha kila mpita njia nyumba anakokaa.

Mlango wa dada ulikuwa wazi. Alishukuru kwa moyo wake wote, akaingia. Sebuleni palijaa watu. Palikuwa na mwalimu mstaafu aliyeuziwa kiwanja ambacho baadaye alikuta ni uwanja wa mpira wa shule. Palikuwa na mama wa saluni anayesubiri mashine ya kukaushia nywele tangu mwaka juzi. Palikuwa na mwenye bucha, ambaye Hakika hakukumbuka alimfanya nini, lakini yeye alionekana kukumbuka vizuri. Wengine walikaa sakafuni.

Dada alikuwa amefunga kanga yake ya kutokea. Alimtazama mikono, akaona ni mitupu.

"Karibu, mdogo wangu," alisema. "Wageni wako wamekungoja tangu saa nane. Mimi nimetaka tu waanze nikishatoka."

"Dada, hakika—"

Dada alimpita, akatoka. Mwenye bucha alikunja mikono ya shati. Mlango ukavutwa, na kwa nje ufunguo ukazungushwa mara mbili.