Dhambi Zangu za Lavington

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Habari njema. Mkuu wetu wa Masomo hapa chuo cha theolojia anastaafu. Mzee wa watu, amesinzia katika kila mkutano tangu nimfahamu. Kiti chake kinazunguka. Dirisha lake linatazama mti wa jakaranda. Langu linatazama choo cha wanafunzi.

Wagombea ni wawili. Mimi, Dkt. Zedekiah Ajwang, mwalimu wa Historia ya Kanisa, mwandishi wa vijitabu vikali dhidi ya wauza mafuta ya upako. Na Dkt. Ephantus Ndegwa wa Agano Jipya, mtu asiyewahi kumkosoa yeyote. Akikutana na shetani atamwita ndugu mpendwa.

Si suala la kiti tu. Ndegwa amesema wazi kwenye chai ya saa nne kwamba akipewa cheo, Historia ya Kanisa itakuwa somo la hiari. Somo la hiari, baada ya shibe ya githeri ya mchana. Hilo si somo, ni maziko. Nitabaki nikifundisha viti.

Bodi inakutana Jumatano ya wiki ijayo. Dkt. Hannah, Mkuu wa Chuo, ametueleza utaratibu: wanabodi watasoma wasifu wetu kwenye tovuti, kisha watasikia ushuhuda wa kila mmoja kanisani.

Jioni nimesoma wasifu wa Ndegwa. Kabla ya kuokoka alichezesha pata potea pale stendi ya Country Bus, akiwalaghai wasafiri kwa karata tatu. Kisha Bwana akamnasa. Kisha shahada, ng'ambo, vitabu. Machozi yalinilengalenga, nikajichukia. Nikasoma wangu. Alizaliwa na katekista. Akasoma. Akaendelea kusoma. Nilipitiwa na usingizi kabla ya shahada ya pili.

Jumanne, 9 Septemba

Nimegundua ugonjwa wa chuo hiki. Hakuna anayeuliza mwalimu amesoma nini. Wanauliza alitolewa katika shimo gani. Mimi sikutolewa shimoni. Nilizaliwa ukingoni, nikakaa papo hapo na kitabu. Ni dhuluma. Waliotenda dhambi wamepewa jukwaa. Sisi tuliojizuia tumepewa mitihani ya kusahihisha.

Basi, dhambi. Nimezipima moja moja. Ulevi: harufu ya bia hunipigisha chafya. Bangi: siitambui hata ikiota juu ya dawati langu. Uzinzi: mke wangu Maurine ana mkono mzito. Umebaki wizi. Na mwizi ana heshima yake katika Maandiko. Mmoja aliwatangulia mitume wote peponi.

Nimeandika: "Mwanzoni mwa miaka ya tisini, akiishi mtaa wa Satellite, Dkt. Ajwang alikuwa mvunja nyumba sugu. Kuta za Lavington zilimjua." Sentensi ya mwisho ni nzuri mno. Nimeisoma kwa sauti mara kadhaa.

Anita wa ofisini ndiye huweka mambo kwenye tovuti. Alisoma. Akanitazama. Akautoa mkoba wake mezani, akaupakata. Dalili nzuri.

Alhamisi, 11 Septemba

Ushindi. Darasa limejaa hadi madirishani. Nilikwenda kufundisha Mtaguso wa Nikea, wao wanataka kujua habari za kufuli. Kitheka, mwanafunzi aliyewahi kuwa soja wa usiku, aliuliza tulifanyaje na mbwa. Nikasema mkate. Akauliza, mkavu au wa kupaka siagi. Nikasema inategemea mbwa. Wote waliandika. Miaka yote hii sijawahi kuwaona wakiandika.

Gharama ndogo ndogo zipo. Soja wa langoni sasa hupekua begi langu nikitoka, si nikiingia. Na Dkt. Hannah ameniomba funguo za maktaba. Kwa upendo, alisema, ili nisije nikajaribiwa.

Ndegwa amenuna juu ya mandazi. Alitangaza mezani kwamba pata potea ni sanaa, inataka vidole na akili, lakini kuvunja dirisha hata mbuzi anaweza. Nikamjibu kwamba mbuzi huyo ana darasa lililojaa. Akataka jina la kiongozi wa genge letu. Nikasema siwezi kumtaja, siku hizi ni mzee wa kanisa. Niliona kila mtu akimfikiria mzee wake.

Ijumaa, 12 Septemba

Maurine amepata habari kutoka kwa akina mama wa maombi hapa mtaani kwetu, Jamhuri. Walimletea pole na pakiti mbili za unga.

Alinisubiri mlangoni. Alitaka kujua niliruka kuta za matajiri wa Lavington saa ngapi, mimi ambaye mpaka leo huita jirani atutolee paka jikoni. Baba Tabitha, akasema, futa hiyo takataka kabla mamako hajasikia. Nikamweleza kwamba hii ni desturi ya kale, kwamba hata habari za wafia dini zilipambwa kidogo na waandishi. Akasema wafia dini waliliwa na simba, na simba wangu anaishi Satellite, anavaa kitambaa cha Chama cha Mama.

Nitafuta. Baada ya Jumatano.

Jumapili, 14 Septemba

Mzee Maxwell, mwenyekiti wa bodi, amepiga simu baada ya ibada. Anataka kuniona nyumbani kwake, Lavington. Bodi nzima humfuata kama ng'ombe wanaofuata kengele. Nikavaa tai.

Ukuta mrefu. Mlinzi. Bustani iliyonyolewa. Mzee alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, mbele ya kidirisha cha stoo. Akasema, hapa ndipo mlipoingilia. Agosti ya tisini na mbili, yeye na mkewe wakiwa kanisani. Ilichukuliwa cherehani ya mkewe. Mkewe sasa ni marehemu. Walikuwa wakiomba pamoja, siku moja wamwone mwizi huyo na kumsamehe uso kwa uso. Sasa anaomba peke yake.

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa ameanza kusema kwamba Mkuu wa Masomo anayefaa ni mtu aliyeonja neema. Nikausikia mdomo wangu ukisema, Mzee, tulivunja nyumba nyingi. Akanikumbatia. Akalia begani mwangu hadi tai ikalowa. Nilijisikia vibaya, mpaka kuku alipoletwa.

Kuna jambo dogo. Anataka kumwona mama aliyemzaa mwizi, amfariji. Nikasema mama yangu hatoki nyumbani siku hizi. Akasema ameshazungumza na kasisi wa huko Satellite, na mama amekubali kwa furaha. Gari litamchukua Jumatano asubuhi.

Jumatano, 17 Septemba

Niandike upesi, kabla sijaanza kuikumbuka vizuri kuliko ilivyokuwa.

Ndegwa alitangulia. Karata tatu, machozi, haleluya. Kisha mimi. Nilikuwa moto. Giza, ukuta, mbwa, mkate. Mzee Maxwell akainuka, akaja hadi mimbarini, akasema mbele ya wote kwamba amenisamehe cherehani ya Agosti tisini na mbili. Watu walilia. Dkt. Hannah alifuta miwani. Hata Ndegwa alipiga makofi, kwa kiganja kimoja na nusu. Tayari nilikuwa nazunguka kwenye kiti.

Ndipo Mzee akaomba mama asalimie watu.

Mama alikuwa safu ya mbele na kitambaa chake cha buluu. Alikuwa ameambiwa tu kwamba mwanawe anapewa heshima. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu ya kanisa. Laiti ningemtazama usoni hata mara moja.

Akasema Bwana asifiwe. Akasema anaitwa Selpher, mjane wa katekista. Akauliza huyo mwizi ni nani, kwa sababu Zedekiah aliyemzaa yeye, Agosti ile yote, alikuwa kitandani na matubwitubwi. Mashavu kama maboga. Kijana wa sekondari, ndevu zinaota, akilishwa uji kwa kijiko. Akasema mtoto huyo hakuiba hata sukari. Alikuwa akiomba, na akinyimwa, anaandika barua ya malalamiko. Akasema mbwa akibweka mtaa wa pili, Kawangware, huyu aliingia chini ya kitanda Satellite. Kisha akamgeukia Mzee Maxwell. Pole sana kwa cherehani, baba, akasema, lakini katekista hakuzaa mwizi. Huyu ni mwongo tu, na hilo tutalimaliza nyumbani.

Kicheko kilichukua muda kwisha. Kitheka alikuwa akifuta kitu kwenye daftari. Nadhani ni siagi.

Mama akaniamuru nimwombe Mzee msamaha. Nikaomba, mimi daktari wa falsafa, mikono nyuma.

Mzee hakukasirika. Hilo ndilo lililonichoma. Aliketi kwenye benchi, akasema kwa sauti ndogo kwamba tangu Jumapili amekuwa akilala vizuri, na sasa hana tena mtu wa kusamehe. Mama akaketi karibu naye. Akamwambia aanze na huyu mwongo, kazi ni ile ile, na huyu hana haja ya kutafutwa. Mzee akacheka, akanipa mkono. Wakaenda kunywa chai wawili hao, wakaniacha nimesimama.

Bodi haikukaa sana. Ndegwa.

Ijumaa, 19 Septemba

Anita amerudisha wasifu wangu wa zamani. Kwa agizo la Dkt. Hannah ameongeza sentensi moja: "Habari hizi zimethibitishwa na mama yake."

Soja bado ananipekua. Nilimwambia mambo yameshafafanuliwa. Akasema mwizi ni afadhali, Daktari, huyo unajua unamtafutia nini.

Ndegwa ameniita ofisini. Alizunguka kwenye kiti kwanza, makusudi. Kisha akasema hataligusa somo langu. Darasa lililojaa hadi madirishani haliuawi. Litabaki la lazima, ila limehamia saa nane mchana. Nikamshukuru. Sikuwa nimefika mwisho wa korido kabla ya kuanza kumtungia kijitabu kichwani.

Nimetafakari sana ni wapi nilipokosea. Nimepaona. Tatizo halikuwa uongo. Nilichagua dhambi yenye mashahidi wengi.

Kuna tangazo jipya ubaoni: mkuu wa idara ya ushauri wa ndoa. Wanataka mtu aliyepitia mambo. Usiku huu nimeanza kuandika ushuhuda: jinsi ndoa yangu ilivyofika ukingoni, sahani zikiruka, mke akifunga virago, mpaka neema ikaingia. Shahidi ni mmoja tu, na wiki ijayo shahidi huyo anakwenda Siaya kwa harusi ya binamu yake.

Nilikuwa kwenye sahani ya tatu nilipohisi mtu nyuma yangu. Maurine. Sijui alikuwa amesoma kwa muda gani. Amekwenda jikoni.

Nasikia kabati la vyombo likifunguliwa. Vizuri. Safari hii kutakuwa na ushahidi.