Matanga Yasiyo na Marehemu

Mzee Hemedi Likapa,
Sanduku la posta sina,
Mpapura, Mtwara.

Kwa Ndugu Ismaili, mpwa wangu,
Mwenye nyumba, Magomeni,
Mtwara Mjini.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAPUMZIKO YANGU YALIYOHARIBIWA, NA TAARIFA YA KUJA TENA

Ndugu Mpwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, na ukikisoma usicheke kwanza.

Unaandikiwa na mtu mzoefu wa miji ya bahari. Kuanzia Tanga mpaka ng'ambo ya Ruvuma hakuna ufukwe ambao mguu huu haujaukanyaga. Lakini kwa kuwa karatasi hii inaweza kusomwa na mkeo Mwanaidi, ambaye ananijua, narekebisha kidogo: nimefika Lindi, mara moja, na Lindi yenyewe niliipita nimelala juu ya magunia ya ufuta. Harufu yake niliisikia. Mtu wa namna hiyo anastahili kusikilizwa.

Simu ninayo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unasema, mjomba nitakupigia, na tangu uniambie hivyo mikorosho imechanua na kuangusha.

Utakumbuka kwamba mwezi wa nane, nilipomaliza kupulizia mikorosho dawa ya salfa, nilikuja kwenu kwa mpango maalumu. Niliuandika kwenye daftari: siku saba; kuamka jua likiwa limeshatangulia; kwenda Shangani kukaa mchangani; mchana samaki; baada ya samaki, usingizi; jioni kuuliza kesho kuna samaki gani. Hakuna mahali nilipoandika kilio. Miaka sabini na mbili nimekuja mjini kwa sababu: kuzika, kuuguza, kusuluhisha ndoa zenu. Safari hii nilitaka kuja kama wanavyokuja wageni wa kwenye mabango, ambao wanakuja kwa kuwa bahari ipo. Mkaninyima. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu mapokezi. Nilifika saa sita mchana na furushi la muhogo. Mwanaidi akaniuliza, kwema huko? Nikasema kwema. Akauliza mmoja mmoja, nami nikamjibu mmoja mmoja, wote wazima. Mkatazamana. Akauliza tena, mjomba, umekuja na lipi? Nikamwambia sikuja na lolote, nimekuja kupumzika. Hapo ndipo nilipowaona mnabadilika rangi, wewe ambaye ni mweusi kama mimi.

Najua mila yetu, nimeisimamia mwenyewe. Mjomba akitumwa na habari ya msiba haisemi mlangoni. Anasema kwema, anakunywa maji, anakula, kisha anakohoa, na kile kikohozi ndicho kinachofungua kilio. Nami nilikunywa maji, nikala, halafu mwiba wa samaki, yule changu, ukanikwama. Sasa ulitaka nifanyeje, Ismaili, nife kwa adabu? Nikakohoa. Mwanaidi akapiga yowe ambalo nasikia lilisimamisha bajaji barabarani.

2. Mjumbe wenu alikuja na daftari la wageni. Penye sababu ya ujio nikamwambia aandike: starehe. Akaniangalia nywele, akaniangalia kandambili, akaandika: matatizo ya kifamilia.

3. Kuhusu Shangani. Siku ya pili nilikwenda, nikakaa mchangani, nikatazama maji bila kufikiri chochote. Kazi ile ni ngumu kuliko palizi lakini nilianza kuizoea. Mara akaja Erasto, mwenzako wa bandarini, akakaa karibu yangu kama mtu aliyepita tu, na mkono wake mmoja ukashika pindo la shati langu. Nikamuuliza, baba, vipi? Akasema, mzee, hata lingekuwa zito namna gani, usifanye hivyo, watoto bado wanakuhitaji. Nikamwambia sitaki kujitupa baharini, hata kuoga sitaki. Akasema, ndiyo, mzee, najua, na akalikaza lile pindo.

Hatua ishirini kutoka pale alikuwapo mzungu wa umri wangu, amelala chali, nguo aliyovaa ingetosha kufunga dawa ya jino. Hakuna aliyemshika pindo, ingawa kweli hakuwa nalo. Nauliza kwa heshima: kwa nini yeye akitazama maji ni mtalii, na mimi nikiyatazama nina siri moyoni?

4. Hili ndilo kubwa. Siku ya tatu nilirudi zangu kutoka pwani, nikakuta mbele ya nyumba pamefungwa turubai, mikeka imetandikwa, masufuria yako juu ya mafiga. Jirani yenu mwalimu Felista, yule wa kutoka Iringa, Mungu ambariki, alikuwa ameleta viti vyote vya kwaya yake. Nilimsikia akiuliza marehemu ni nani. Akajibiwa na shangazi zako kwamba bado hajajulikana, mjomba hajasema, lakini kwa jinsi anavyojikaza lazima ni mtu mkubwa.

Watu wakapanga foleni kunipa pole. Mimi ni mtu niliyelelewa, nikawa naitika, nimeshapoa. Shehe akaniinamia sikioni, akaniomba jina la marehemu ili asome dua. Nikamwambia sina. Akanitazama kwa huruma, akawaombea marehemu wote tangu Adamu, na nakiri dua ile ilikuwa nzuri. Pilau pia. Nilikula sahani mbili, ili nisionekane nimevunjika moyo.

5. Badala ya kuniamini mimi niliye mbele yako, ukapiga simu Mpapura kwa Sudi. Sudi ni mtani wangu, tangu lini mtu akampigia mtani simu ya maana? Akasikia kilio nyuma yako, na wewe mwenyewe huwezi kumaliza sentensi. Akapiga hesabu yake: matanga yako Magomeni, mpwa analia, na mzee pekee aliyetoka huku kwenda huko ni Hemedi. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Sudi alifikiri vizuri, na akakosea.

Kesho yake ikaja pikapu na watu kumi na mmoja kuchukua mwili. Wakashuka wakilia, wakanikuta kwenye kiti cha kwaya nimeshika paja la kuku. Unadhani walifurahi? Walikasirika! Sudi akanisimamia kichwani: we Hemedi, hata kufa kunakushinda? Wanawake walioacha muhogo wao juani wakaniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya kiofisi. Nikajikuta, mimi niliyedhulumiwa, naomba radhi kwa kuwa hai.

6. Niliporudi kijijini kaburi langu lilikuwa tayari, limechimbwa vizuri. Wazee wakasema kaburi halifukiwi tupu, lazima kizikwe kitu, wakazika mgomba. Mgomba wangu. Ulikuwa na mkungu.

7. Baiskeli yangu Sudi aliichukua asubuhi ile ya habari, na anakataa kuirudisha. Anasema kitu alichochukua mtani msibani hakirudi, kwani akikirudisha msiba nao unarudi. Wazee wamemuunga mkono. Kwa hiyo mapumziko yangu ya siku saba yalidumu siku tatu, yakanigharimu mgomba na baiskeli, na sasa nikipita njiani watoto wananiita Marehemu, nami nimeanza kuitika.

Kwa sababu hizo ninakujulisha kwamba Ijumaa ijayo nakuja tena, siku saba kamili, mpango ni ule ule. Ili yasijirudie, naomba yafuatayo yatekelezwe bila mjadala. Kwanza, msikitini baada ya swala ya Ijumaa litolewe tangazo, mbali kabisa na matangazo ya misiba, kwamba Hemedi Likapa amekuja mjini, ni mzima, na Mpapura wote wazima ukiondoa mgomba. Pili, Erasto asinikaribie ufukweni chini ya hatua kumi, au kama ni lazima anishike, anishikie mwavuli. Tatu, mwalimu Agnes wa shule ya huku ameniandikia kwenye kadibodi neno MTALII kwa herufi kubwa, nami nitaivaa shingoni kuanzia stendi, kwa hiyo usijifanye hunijui. Nne, Mwanaidi anipikie samaki asiye na miba. Nikikohoa, basi ni mafua.

Na tano, ambalo ndilo msingi wa barua hii: aaminiwe mtu mzima anaposema hana jambo. Safari ile sikuja na habari. Safari hii siji na habari. Mzee naye ana haki ya kufika mahali akiwa hana alichotumwa. Nisipoyapata mapumziko haya mwaka huu, mpwa wangu, nitayapata kule kwenye mgomba, na kule hakuna samaki.

Nisalimie Mwanaidi na koo lake, watoto, shangazi zako wote waliolia bila kuulizia, mwalimu Felista na viti vyake, shehe, mjumbe na kalamu yake, na Erasto mwambie lile shati limechanika. Mzungu wa Shangani kama bado amelala pale, naye msalimie.

Nabaki mimi mjomba wako, niliye hai mpaka wakati wa kuandika,

Hemedi Likapa

Tanbihi: Kuna kajambo kadogo nimekakumbuka nikikunja karatasi. Mwezi ule wa nane mama yako, dada yangu Mwanakombo, alikuwa amenituma. Alitaka nikuulize kama anaweza kuhamia kwenu moja kwa moja, maana magoti yamemchosha na upweke pia, na mambo kama hayo kwetu hayasemwi kwenye simu, hupita kwa mjomba. Nilikusudia kukuambia baada ya kula. Mlipoanza kulia nikaona si wakati wake, mlipoanza kupika nikaona tena si wakati wake. Niliporudi nikamjibu kwa niaba yako kwamba umefurahi mpaka umetoa machozi. Basi Ijumaa tunakuja wote, yeye na kitanda chake, kinu, na kuku sita. Nakuomba kitu kimoja tu, na unajua unadaiwa: yule mbuzi wake mweupe, mliyemchinja na kumla porini na wenzako ukiwa darasa la sita, ni mimi niliyemwambia kwamba ameliwa na fisi, na mpaka leo analaaniwa fisi wa watu. Sasa mama yako akikuuliza mjomba alikuambia lini, nawe sema: siku ile ile, kabla hata hajaketi.