Viwavi wa Jirani Kwenye Mlimao wa Mke Wangu

Jumatatu, 2 Juni

Nimeingia maktaba kurudisha kitabu, nimetoka na kidonda cha moyo. Ukutani, juu ya meza ya magazeti, pametundikwa picha ya kipepeo wa manjano. Fremu ya mbao. Kioo. Chini yake jina la jirani yangu, nesi mstaafu, ambaye mpaka mwaka jana alikuwa hajui kamera inashikwa upande gani. Na kapiga kwa simu! Simu yenyewe ina ufa!

Mkutubi, ambaye ni mteja wangu, alinisogelea akaniambia kwamba wiki ijayo anafungua maonyesho ya picha: vipepeo na nondo wa bustani za mtaa wetu. Akasema mlango uko wazi kwa kila mtu. Alisema "kila mtu" huku akinitazama kwa huruma. Nimeuelewa mtazamo ule.

Mimi ni fundi wa meno bandia. Kazi yangu yote ni vitu vidogo, mwanga mzuri na mkono usiotetemeka. Kama kuna mtu aliyezaliwa kupiga picha za wadudu, ni mimi. Ni vile tu sijaanza.

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kumuuguza mama mkwe mguu. Kaacha maagizo mawili: nile chakula cha maana, na nimwagilie mlimao wake. Mlimao wenyewe uko kwenye ndoo barazani, unanifika gotini. Kauotesha kutoka kwenye mbegu ya mti wa marehemu baba yake. Mti ule ulikatwa nyumba yao ilipouzwa. Kwa hiyo huu si mche. Huu ni baba mkwe. Nimeapa kuulinda.

Jumanne, 3 Juni

Shemeji, kaka wa mke wangu, anapiga picha za harusi. Nimekwenda kumwazima kamera. Nikamwambia nataka kupiga picha meno ya wateja. Akauliza ni meno gani yanayohitaji lenzi ndefu kiasi kile. Nikamjibu magego, yako mbali. Alinitazama kidogo, kisha akanipa. Anaitaka Jumatatu ijayo bila kukosa.

Asubuhi nzima bustanini. Mazao: ua ambalo kipepeo alikuwa amekaa. Jani ambalo kipepeo ndiyo kwanza ameondoka. Kidole gumba changu. Kidole kimetoka vizuri sana.

Mchana nikapata wazo. Vipepeo hufuata rangi. Nguo zangu zote ni za kijivu, ndiyo maana wananikimbia! Kabatini kulikuwa na gauni la maua la mke wangu. Nikalivaa. Nikasimama katikati ya bustani nimenyoosha mikono, kila kiganja kimejaa maji ya sukari.

Vipepeo hawakuja. Walikuja nyigu.

Nimezunguka nyumba mbio, gauni limenipanda kiunoni. Nesi alikuwa upande wa pili wa ua wa michongoma, anapunguza matawi. Alinisalimia kwa adabu zote. Akauliza kama mke wangu kafika salama. Nikasema kafika. Akasema nimpe salamu zake, na nimwambie kwamba lile gauni linampendeza yeye zaidi.

Alhamisi, 5 Juni

Siku njema! Mkutubi kaja karakana kuchukuliwa vipimo vya meno ya mbele. Nikamjaza mdomo ule udongo laini wa vipimo, nikamwambia asitikisike mpaka ugande. Kisha nikavuta kiti, tukazungumza maonyesho.

Nikamuuliza: picha ya nondo mkubwa, safi, inaweza kupata ukuta ule wa mbele? Akasema, "Mmmh." Nikamuuliza: na ile ya kipepeo wa manjano si ingesogezwa kule karibu na choo, ipate hewa? Akasema, "Mmmh!" na machozi yakamlengalenga. Mtu wa hisia sana. Nilipoutoa udongo alisema alikuwa anakabwa. Lakini hakusema kwamba kabadili mawazo. Tumekubaliana.

Alasiri nikaokota nondo kwenye dirisha la karakana. Mkubwa, wa kahawia, mabawa mazima, kafa kwa heshima. Nikachukua nta ya waridi ninayotengenezea fizi, nikambandika juu ya ua jekundu kichwa kikitazama jua. Hakukimbia! Hakugeuka! Mteja bora niliyewahi kumhudumia. Nimepiga picha mpaka kadi ya kamera imejaa.

Nalala nikiwa mtu maarufu. Bado tu watu hawajaambiwa.

Ijumaa, 6 Juni

Shemeji kapita kuangalia kama kamera yake iko hai. Nikamwonyesha nondo wangu. Akaikuza picha. Akaikuza tena. Kisha akauliza, taratibu kabisa, kwa nini nondo huyu ana fizi.

Nta! Inaonekana chini ya tumbo, ya waridi, inang'aa. Na si hiyo tu. Kuanzia katikati ya kadi wameingia chungu. Picha moja wanachukua mguu. Picha nyingine bawa linaondoka. Picha ya mwisho ni ua na donge la nta peke yake. Shemeji alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akauliza kama hili ndilo gego. Nimempikia chai ili aifiche siri hii. Kainywa yote, na hataificha.

Ila katika kucheka kwake katoa neno la maana. Alisema bibi harusi anapigwa picha kabla hajatoka nyumbani kwao. Akishafika ukumbini hakamatiki tena.

Loo! Na kipepeo naye si ana kwao?

Jumapili, 8 Juni

Kwao ni kwa Nesi. Mlimao wake mkubwa, uliosimama karibu na ua, umejaa viwavi. Wa kijani, wanene, wanakula bila kuinua kichwa. Yeye hawaui. Anaongea nao! Juzi nimemsikia akiwaambia wasisukumane.

Leo alipokwenda kwaya nikaruka ua. Neno "nikaruka" nimelitumia kwa ukarimu. Kipande cha suruali kimebaki kwenye michongoma, nami sikuwa na muda wa kukirudia. Viwavi nimewabeba kwenye vile vikasha ninavyowapa wateja kuwekea meno. Nimekata pia kijiti chenye kifuko kilichoning'inia kwa uzi, kile ambacho kiwavi hujifungia ndani akatoka kipepeo. Kimeanza kuwa cheusi. Nasikia hiyo ni dalili ya kukaribia kupasuka.

Tatizo moja. Viwavi hawa wanakula majani ya mlimao tu. Nimewapa mchicha, wakageuza nyuso. Nimewapa kabichi, mmoja kaanguka kwa makusudi. Na kwangu kuna mlimao mmoja.

Nilimtazama baba mkwe kwa muda mrefu.

Kisha nikawachungulia midomo kwa lenzi ya kazini. Vinywa vidogo kama tundu la sindano. Mimi vinywa navijua. Hapa hakuna wa kuleta madhara. Nimewaweka kwenye mlimao, na kijiti cha kifuko nimekifunga kwenye shina. Ni kwa siku moja tu.

Jumanne, 10 Juni

Wana madhara.

Sina hata jani. Nina kijiti kimesimama kwenye ndoo. Viwavi wenyewe wameshiba wakaondoka bila kuaga, kila mmoja na njia yake. Mmoja nimemkuta ndani ya kandambili, bahati nzuri kabla ya mguu. Na kamera sina! Shemeji kaja jana kuichukua, kama tulivyoahidiana. Kilichobaki ni kile kifuko, nacho hakisemi lolote.

Mke wangu kapiga simu. Mama mkwe anatembea, yeye anarudi kesho. Akauliza mlimao unaendeleaje. Nikamwambia umebadilika sana. Akafurahi! Akasema jana alimwota baba yake.

Nilikaa barazani. Sikufikiria maonyesho hata kidogo. Nilimfikiria yeye na ile mbegu, jinsi alivyoifunga kwenye leso siku walipoondoka kwenye nyumba ile.

Halafu nikakumbuka kwamba mimi ni fundi.

Tawi moja la mlimao wa Nesi linaingia kwangu kwa juu ya ua. Nimechuma majani yake. Nimepasha nta. Nimeyapandikiza moja moja, kila jani na mwenzake, kama ninavyopanga meno ya juu na ya chini yasigongane. Kazi safi! Kusema kweli umependeza kuliko mwanzo. Ulikuwa na upande mmoja mtupu, sasa umejaa.

Jumatano, 11 Juni

Kafika asubuhi, jua limeshachomoza. Hata begi hakuingiza ndani. Akaenda moja kwa moja kwenye ndoo, akainama, akasema umenawiri. Mimi nikasema karibu nyumbani, maji ya kuoga yapo, ingia ndani, ingia. Hakuingia. Akashika jani.

Jani likabaki mkononi mwake.

Kisha, kwa lile jua, nta ikalegea. Likaanguka jingine. Na jingine. Tukasimama tunayasikiliza yakigusa sakafu. Akaiinua ile nta akaitazama. Anaijua. Kaifua kwenye mashati yangu tangu tuoane.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alikaa kwenye ngazi akasema, "Ulikuwa wa baba."

Nikakaa kando yake, nikamweleza yote. Maktaba. Kamera. Ule udongo mdomoni mwa mkutubi. Nta chini ya nondo. Viwavi ndani ya vikasha vya meno. Sikujitetea, hata pale nilipokuwa na hoja. Nilipofika kwenye gauni na nyigu mabega yake yakaanza kutikisika. Nikajua analia. Alikuwa analia, ndiyo. Alikuwa anacheka pia. Sijawahi kuona mtu akifanya vyote viwili kwa mkupuo, na sikujua nishike lipi.

Kisha akanishika mkono akasema, "Nyamaza. Tazama."

Kifuko kilikuwa kinapasuka.

Alitoka amelowa na amekunjamana kama karatasi iliyofuliwa mfukoni. Akapanda kijiti kitupu mpaka juu, hakuna jani la kumzuia. Akaning'inia. Na mabawa yakaanza kujaa taratibu, meusi, yenye madoa ya manjano kila mahali, na chini macho mawili ya rangi ya chungwa. Hakuruka. Hakuwa na haraka na mtu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku zote nilikuwa nataka kipepeo aliyesimama, na huyu alikuwa kasimama, na mimi sikuwa na kamera.

Mke wangu akatoa simu yake. Mkono ulikuwa unamtetemeka. Nikamwambia ahamie upande wa mwanga, atoe pumzi kwanza, aegemeze kiwiko kwenye goti langu. Nikakishika kile kiwiko kwa mikono miwili, kama ninavyoshika taya la mteja. Kapiga moja tu. Kisha tumekaa tukimtazama mpaka alipokauka na kuondoka.

Baadaye akakwaruza gome la mlimao kwa ukucha. Chini yake kijani kibichi! Akasema baba yake aliukata ule mti wa zamani mara nyingi tu, na kila mara ulirudi na ubishi zaidi. Akaumwagilia mwenyewe. Mimi sikuruhusiwa kushika kopo.

Nesi alitokea kwenye ua akiwa na kipande cha suruali, kimefuliwa na kupigwa pasi. Akasema, "Jirani, ungebisha hodi tu ningekupa viwavi. Mimi wananizidi." Nikakipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi, 14 Juni

Maonyesho yamefunguliwa. Picha yetu iko ukuta wa mbele! Ya kipepeo wa manjano iko kando yake, haikusogezwa chooni, na mkutubi hakumbuki tuliyokubaliana. Mwenyewe ana meno mapya, anawachekea hata wanaorudisha vitabu vimechelewa.

Chini ya picha pana jina la mke wangu. Lake peke yake. Niliumia kidogo. Kisha nikainama na kuona mkutubi kaongeza mstari kwa herufi ndogo: *Kiwiko kilishikwa na mume.*

Nimesimama pale asubuhi nzima. Watu wengi hawakujua ni kiwiko kipi. Nimewaeleza mmoja mmoja. Mke wangu alinitazama kutoka upande wa pili wa ukumbi, ana furaha ambayo sijaiona tangu nyumba yao ilipouzwa. Yeye na Nesi wamekubaliana kwenda kutafuta nondo pamoja wiki ijayo, na wamesema naweza kuja, nishike taa.

Nikaapa mbele yao wote wawili. Kwa moyo safi kabisa. Kwamba hila nimeacha, na kwamba maisha yangu yote sitaiba tena kiwavi. Mke wangu akanishika mkono. Nesi akapiga makofi.

Wakati tunatoka mkutubi akatangaza maonyesho yatakayofuata: nyuki. Mtaa mzima hakuna anayefuga nyuki, hata Nesi! Ila kuna kundi zuri sana, lenye afya, chini ya paa la kituo cha zimamoto, na sidhani kama wale vijana wanalitumia.

Nimempigia shemeji kumuuliza kama buti la gari lake linafunga vizuri. Kakata simu. Nitampigia tena kesho, atakuwa amelifikiria.

Kiapo kilihusu viwavi. Nyuki hawakutajwa.