Mtungi Mkubwa Kuliko Wote

Jumatatu, 2 Juni

Nimejitia matatani wakati wa chakula cha jioni. Mama mkwe yuko kwetu mpaka paa la nyumba yake liishe kuezekwa. Ni mwalimu mstaafu wa michezo, na bado anamtazama kila mtu kana kwamba atamwamuru azunguke uwanja. Aliniuliza siku hizi nafanya mazoezi gani. Nikasema Jumamosi tuna mechi ya risasi za rangi, jengo letu dhidi ya jengo la ng'ambo ya barabara. Hiyo ni kweli. Wenye maduka wa majengo haya mawili huvaa vinyago, hushika bunduki za hewa na kulengana kwa vidonge vya rangi. Ukipakwa, umetoka. Timu inayochukua bendera ya wenzake ndiyo mshindi. Hapo ningenyamaza. Ulimi ukateleza. Nikaongeza kwamba mimi ndiye nahodha.

Nahodha ni Fundi Suti, mshonaji wa ghorofa ya chini. Mimi, fundi miwani wa ghorofa ya kwanza, hupangiwa kulinda bendera yetu nyuma ya rundo la matairi, mahali ambapo hapatokei mtu. Mara ya mwisho nilisinzia.

Mama mkwe akasema vizuri sana, atakuja kutazama. Mke wangu akaangua kikohozi. Nadhani ni fahari.

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu. Fundi Suti hanishindi kwa lolote isipokuwa mtungi. Bunduki hizi hutegemea hewa iliyoshindiliwa kwenye mtungi unaofungwa nyuma ya kitako. Sisi wengine tuna bunduki zetu, lakini tunakodi mitungi ya uwanjani, mifupi, ya aluminiamu, imebonyeabonyea. Yeye ana wake mweusi unaong'aa. Watu hawamfuati yeye, wanafuata mtungi. Nikipata mkubwa zaidi, unahodha utakuja wenyewe.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda duka la vifaa vya michezo. Muuzaji ni mama mtaratibu, haharakishi neno. Alinieleza kwamba mitungi ni ya aina mbili. Kuna ya gesi, ile inayotia mapovu kwenye soda. Inajazwa kwa bei nafuu, lakini ukipiga mfululizo inaganda na bunduki inaanza kukorofisha. Na kuna ya hewa ya kawaida iliyoshindiliwa, ambayo mipigo yake ni sawasawa tangu mwanzo hadi mwisho. Hii ya hewa nayo inatengenezwa kwa aluminiamu, nzito kidogo na rahisi kuipata, au kwa nyuzi za kaboni, nyepesi na inabeba presha kubwa zaidi.

Nikauliza upi ni mkubwa kuliko yote.

Alinipa bunduki tupu, akaniambia niiweke begani. Akanizunguka kama mimi ninavyomzunguka mteja wa fremu. Akasema kwa mikono yangu na kimo changu, mtungi wa wastani utakaa vizuri, mkubwa utanivuta nyuma. Nikamweleza kwamba nakusudia kupiga sana. Akauliza kama huwa nabaki mchezoni muda mrefu kiasi hicho. Nililiona swali hilo halina adabu, ingawa alilisema kwa upole.

Nimetoka na mtungi wa gesi na mfuko wa vidonge. Chuma kitupu. Mkubwa, mzito, una sura ya kazi. Na unaruhusiwa kurudishwa. Mambo ya kuganda ni ya watu wenye pupa.

Jumatano, 4 Juni

Nimeujaribu wakati wa chakula cha mchana, juu ya paa la jengo, penye matangi ya maji. Nililenga boksi la fremu. Mipigo ya kwanza ilikwenda vizuri mno. Nikapandwa na mori, nikabana kifyatulio bila kuachia.

Mtungi ukafanya ukungu mweupe. Kisha ukawa na barafu. Bunduki ikakohoa, ikatoa wingu kama chai ya asubuhi ya baridi, halafu vidonge vikaanza kutoka ovyo, vingine vimepasuka, vingine vinakwenda kokote vinakotaka. Kimoja kilikwenda kwenye kamba ya nguo.

Kwenye kamba palikuwa na koti moja tu. Jeupe. La bwana harusi. Fundi Suti alikuwa amelianika lipigwe na upepo. Sasa lina doa la rangi ya chungwa, mahali pa moyo. Shabaha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Nilishuka ngazi taratibu, nikafunga duka, nikafungua duka. Fundi Suti alipopiga kelele nilikuwa wa kwanza kufika. Nikavaa sura ya msiba. Nikasema watu wa jengo la ng'ambo wamevuka mpaka, wanatuchokoza kabla ya mechi. Kinyozi wa ghorofa yetu akakubali. Fundi Suti alilipapasa doa kwa kidole gumba kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akasema bwana harusi anakuja kuchukua koti lake Jumamosi, itabidi abadilishe kipande chote cha mbele, na haoni jinsi atakavyoweza kuja uwanjani.

Akatutazama mmoja mmoja. Akaniambia, "Jirani, wewe ndiye uliyeguswa zaidi. Nishikie timu."

Kwa hiyo mimi ni nahodha. Nilichomwambia mama mkwe kimekuwa kweli, kimechelewa siku mbili tu. Sioni kosa langu liko wapi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimerudisha mtungi wa gesi. Yule mama alipouliza kama uliganda nikasema haukunifaa kwa sababu za kiuongozi. Akaniletea tena ule wa wastani, wa hewa. Nikamwambia nahodha hawezi kutokea na mtungi sawa na wa watu. Mkubwa wa kaboni anao, lakini bei yake ilinifanya nitazame dari.

Ndipo kinyozi akanitoa kimasomaso. Binamu yake aliacha mchezo huu zamani, akamwachia mtungi wa kaboni, nao umekaa chini ya sinki la saluni tangu hapo. Nimeununua kwa bei ya kindugu. Mweusi. Mrefu kama mtoto mchanga. Ukiufunga kwenye bunduki, mdomo wa bunduki unaelekea mbinguni.

Mke wangu alinikuta sebuleni nimeupakata. Akauliza kama una jina. Mama mkwe akavaa miwani niliyomtengenezea mwenyewe, akasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni. Akauliza mbona kuna tarehe ya zamani hivi, na mbona pembeni yake pameandikwa neno kupimwa. Nikasema ni siku ya kuzaliwa ya mtungi. Akasema, "Mzee huyu." Akarudi kwenye viazi vyake.

Ijumaa, 6 Juni

Mtungi hauna hewa. Nimeupeleka kwa fundi wa vizima moto, ambaye ana mashine ya kushindilia. Aliupokea kwa furaha. Akasoma ile tarehe. Akauweka chini polepole sana, akaenda kusimama nyuma ya mlango, akaendelea na mazungumzo kutoka huko. Alisema mtungi wa namna hii lazima upimwe kila baada ya miaka kadhaa, na huu muda wake umepita siku nyingi. Akiujaza, anaweza kunikabidhi bomu. Nikamwambia ajaze nusu. Akasema hakuna nusu bomu.

Nilikwenda kwa mwingine, mwenye vifaa vya wapiga mbizi. Safari hii niliuvisha soksi ndefu ya kuchezea mpira, ile yenye mistari. Nikamweleza kuwa unaona baridi. Akaivua soksi kabla hajanijibu salamu.

Basi hautajazwa. Nimekaa nikafikiri. Kwani adui anajua kilichomo ndani? Nitaingia nao ukiwa mtupu, wauone, nyoyo ziwaruke. Kisha nitaomba kule uwanjani kitungi cha kukodi na kukifunga kimyakimya mahali pake. Mkubwa wa kutisha, mdogo wa kupigia. Sijui kwa nini wengine hawajaliwaza hili.

Mke wangu ameuliza kama nitamwambia Fundi Suti habari ya koti. Sikujua kwamba anajua. Alisema nilirudi nyumbani na rangi ya chungwa kwenye kope. Nikamwambia kila jambo lina wakati wake, na wakati wa hili ni baada ya ushindi. Akazima redio, akaniangalia kidogo, akaiwasha tena.

Jumamosi, 7 Juni

Nitaandika kwa ufupi, mkono unauma.

Tulifika uwanjani asubuhi, ile karakana ya zamani yenye mapipa na matairi. Nilitangulia mimi na mtungi. Watu wa jengo la ng'ambo waliutazama kweli. Mwenye duka la viatu alirudi hatua. Moyo wangu ukapanuka. Mama mkwe alikuwa nyuma yangu, kofia kichwani, filimbi yake ya ualimu shingoni.

Mwamuzi akaanza kukagua mitungi langoni. Alipofika kwangu akasoma tarehe, akaniomba nisitikisike. Nikamnong'oneza kwamba ni mtupu, ni wa kutisha tu. Aliyarudia maneno hayo kwa sauti, wote wakasikia. Akaufunga utepe mwekundu, akauweka kwenye kibanda chake chini ya benchi. Mwenye duka la viatu akarudi mbele ile hatua yake.

Nikapewa kitungi cha aluminiamu, kimebonyea. Nikaanza hotuba ya nahodha hata hivyo. Katikati ya hotuba akaingia Fundi Suti. Macho mekundu, sindano bado imechomekwa kwenye ukosi. Koti alilimaliza alfajiri, bwana harusi amelichukua na ameridhika. Alisema hakuwa na nguvu ila alitaka kuiona timu yake. Akainama anisaidie kujaza vidonge kwenye bunduki. Akafungua mfuko wangu.

Wenzangu wote walikuwa na vidonge vya buluu, vya uwanjani. Mimi nilikuwa na vyangu. Vya rangi ya chungwa.

Alikishika kimoja, akakizungusha kwa kidole gumba. Sikupata hata pa kutazama.

"Kumbe ni wewe," akasema.

Nikasema, "Ulikuwa upepo, fundi."

Afadhali angenipigia kelele. Hakupiga. Alisema alikaa macho akishona na kuwachukia watu wa ng'ambo, na mkewe alikaa naye akimshikia taa, na wote wawili walinisifu kwa moyo wangu mwema. Kisha akanirudishia kidonge, akakifunga kiganja changu juu yake. Nilitamani matairi yanifunike. Akaniambia nahodha wa timu hii hatangulizi watu, hutangulia. Akanionyesha pipa la katikati, mbele kabisa.

Filimbi ililia. Nilikimbia. Nilifika nusu ya njia. Sikujua kama watu wazima wana chuki kiasi kile na fundi miwani. Nilipakwa kifuani, magotini, kinyagoni, na mkononi mara nyingi. Bunduki yangu haikufyatua hata kidonge kimoja, kwa hiyo hewa ilibaki yote. Kuhusu akiba ya hewa, mchezaji bora nilikuwa mimi.

Tukabaki pungufu, na katika mzunguko wa pili kinyozi aliteguka kifundo cha mguu. Fundi Suti alikuwa hajiwezi kwa usingizi. Mama mkwe akauliza kama kuna umri wa mwisho. Mwamuzi akasema hakuna. Mama mkwe akachukua bunduki, akafungua mtungi uliokuwapo, akajaribu mwingine, akachagua ule mdogo kabisa kwa sababu, alisema, goti lake moja halitaki mzigo. Akavaa kinyago juu ya miwani yangu. Hakukimbia. Alitembea kutoka pipa hadi pipa kama anayesimamia mtihani, na kila aliyeinua kichwa alipata alama. Alirudi na bendera kwapani, kama kitenge cha sokoni.

Fundi Suti alimpigia saluti. Wakaanza kuzungumza habari za mikunjo ya gauni. Yaonekana wanafahamiana.

Jumapili, 8 Juni

Siwezi kuinua kijiko. Mke wangu alinipaka dawa na kunieleza. Fundi Suti anamshonea mama mkwe gauni tangu mwezi uliopita. Jumatatu ile ile asubuhi alikwishamsimulia habari za timu yake na unahodha wake. Mama mkwe aliujua uongo wangu nilipokuwa bado nautamka.

Nikauliza basi alikuja uwanjani kufanya nini. Mke wangu akasema mama yake anapenda watu wanaodanganya vibaya, kwa sababu hawana hatari. Alitaka tu kuniona nikikimbia. Alisema nilikimbia vizuri kuliko walivyotarajia. Akacheka, nikaona hajacheka vile siku nyingi, nikamwacha aendelee, ingawa kila akicheka alinibonyeza kwenye bega baya.

Jioni nilishuka kwa Fundi Suti. Nilimwomba radhi bila kutaja upepo. Aliniweka nikapiga pasi suruali mpaka rafu nzima ya nguo ikaisha, halafu akanipa maji ya kunywa. Nadhani tumeelewana. Nahodha mpya ni mama mkwe, mpaka paa lake liishe. Mimi nitalinda bendera.

Nimesema sitadanganya tena, na habari za mitungi nimeziacha kabisa.

Jumatano, 11 Juni

Mkono umepona, na akili imetulia. Nimegundua kosa lilikuwa wapi. Halikuwa la mtungi. Ukubwa, udogo, kaboni, chuma, vyote ni sawa tu. Kosa ni kutegemea hewa ya watu. Mtu akiwa na mashine yake ya kushindilia, nani atamsomea tarehe? Atajaza apendavyo, atawajazia na wenzake, na timu nzima itabidi ipite mlangoni kwake ikiwa imeshika mitungi mikononi. Huo si unahodha mdogo.

Nimeagiza moja. Imetumika kidogo. Muuzaji anasema inanguruma kiasi, na inataka chumba chenye dirisha. Chenye dirisha ni kile anacholala mama mkwe. Nimepima, itaingia tukisogeza kitanda. Inaletwa Ijumaa.

Mama mkwe amenikuta na futi ya kupimia, akauliza kinakuja nini. Nimemwambia ni jokofu. Akauliza lina milango mingapi.

Nikasema miwili.