Wimbo wa Dada Verlene

Jumatatu, 4 Aprili 1955
Nimekwisha. Wimbo wangu umepigwa redioni mara tatu kabla ya chakula cha mchana, na Memphis nzima inaucheza. Wangu, nasema! Kwa kweli ni wa Dada Verlene Oakes, tunayepiga naye pasi hapa kwa dobi. Huuimba akinyoosha mashuka. Mimi nilitoa “Yesu,” nikatia “mpenzi,” nikaongeza mwendo, nikaupeleka studio kwa jina langu, Lucius Tarpley. Vijana wa kizungu wenye magitaa wakaurekodi. Verlene hana redio kwake. Dobini ipo. Mikono yake ni minene kuliko mapaja yangu.

Jumanne, 5 Aprili
Nimewahi kazini, nikachomoa taa moja ndogo ndani ya redio, ile inayoipa sauti. Kimya. Raha! Verlene, kwa kukosa muziki, akaanza kuimba mwenyewe. Wimbo uleule! Mama aliyefuata mashati akamsifu kwamba anawashinda wale wa redioni. Verlene akauliza wepi. Nikasema mama yule hasikii vizuri. Nimeunguza kanzu ya mchungaji.

Jumatano, 6 Aprili
Bwana Haskell, mwenye dobi, kaleta redio mpya, kubwa kama kabati. Saa nne wimbo ukaanza. Verlene akabaki na pasi hewani hadi mwisho. Mtangazaji akataja jina langu. Verlene akanijia taratibu. Afadhali angenipiga.

“Lucius, huu mama yangu aliutunga siku tuliyomzika kaka yangu. Watu wanaucheza?”

Nikasema wanaucheza, hata watoto wa wazungu, mpaka viti vinavunjika.

Akaitua pasi. “Waache wacheze. Ila kesho nenda ukaseme ni wa nani. Idella Oakes. Usikosee herufi.”

Alhamisi, 7 Aprili
Nilipanda ngazi za studio. Nilijiona tayari jela. Nikasema yote. Bwana wa studio alinitazama kama mende, akaandika: Idella Oakes. Santuri zijazo zitakuwa na jina hilo. Nimeapa mbele za Mungu: sigusi tena wimbo wa mtu.

Ijumaa Kuu, 8 Aprili
Nguo za Pasaka zimejaa hadi mlangoni. Verlene kanisamehe, kaniletea mkate wa mahindi. Akaanza wimbo mwingine, sijapata kuusikia. Nywele zilinisimama. Nikamwomba arudie ubeti wa pili, polepole. Akaniuliza wa nini. Nikamwambia ni kwa faida ya roho yangu.

Penseli ilikuwa ndani ya soksi.